Mikono ya Trekta Isiyopanda

Kurasa hizi za Kiswahili hupokea zaidi hadithi na mashairi, nami sina ugomvi na hayo. Lakini tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu, na lugha ya namna hiyo hapana budi iweze kueleza pia kwa nini plau haipandi. Katika magereji ya Gatsata na Nyamirambo imeiweza kazi hiyo siku nyingi. Basi leo nataka tuingie karakanani tutazame haidroliki ya trekta la zamani: jinsi inavyofanya kazi, jinsi inavyougua, na jinsi ya kuitengeneza.

Trekta ninalolisema ni la shamba la shule, Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda 3. Aina hii ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na mpaka leo yako yanayolima katika Afrika ya Mashariki, maana ni mashine isiyo na siri nyingi na vipuri vyake hupatikana. Letu hufanya kazi Bugesera, ng'ambo ya mto Nyabarongo, ambako nchi ni tambarare kuliko huku Kigali kwenye vilima. Mwezi wa Agosti lililetwa mjini juu ya lori, pamoja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya dereva: mikono haipandi na plau. Ya pili ilikuwa hesabu ya gereji moja iliyolitazama huko huko: pampu imekufa, inunuliwe mpya. Bei ya pampu hiyo ingekula fedha za mbegu na mbolea za msimu mzima, na mvua za umuhindo huanza Septemba. Mkuu wa shule akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ni kweli imekufa?"

Swali hilo tulilijibu kwa siku nne, mimi na wanafunzi wa kidato cha 5. Kabla sijaeleza tulivyolijibu, yafaa tujue kwanza mashine yenyewe.

Chukueni mabomba mawili ya sindano, moja jembamba na moja nene, mkayaunganishe kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Sukumeni lile jembamba, na lile nene litapanda. Wekeni kitabu juu yake, nacho kitapanda. Maji hayashindiliki, wala oili haishindiliki. Ukiyasukuma mahali pamoja, msukumo huenea pande zote sawasawa. Jambo hili alilieleza Mfaransa Blaise Pascal, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ikiwa uso wa pistoni ndogo ni sentimita mraba 1, na wa kubwa ni sentimita mraba 10, mkisukuma kwa uzito wa kilo 5 mtainua kilo 50. Lakini hakuna cha bure: pistoni ndogo itakwenda sentimita 10 ili kubwa ipande sentimita 1 tu.

Sasa tufanye hesabu ya trekta. Tuseme pistoni yake ina upana wa sentimita 7. Uso wake basi ni sentimita mraba 38.5. Tuseme pampu inasukuma oili kwa nguvu ya kilo 150 kwa kila sentimita mraba. Zidisheni, mtapata kilo 5,775. Ni karibu tani 6 katika kitu kinachoingia katika kiganja cha mkono! Nguvu hizo hazifiki zote kwenye plau, kwa kuwa pistoni husukuma mkono mfupi ulio ndani, na mikono mirefu iliyo nje hubadilisha nguvu kuwa mwendo. Mwishoni, kwenye ncha za mikono ya chini, trekta la namna hii huinua tani 1 na kidogo zaidi. Yatosha sana kwa plau.

Kuinua tu si ajabu. Hata jeki huinua. Ajabu ya trekta hili ni kwamba hujua liinue kiasi gani. Hapo hatuna budi kumtaja Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884. Mtu huyu alipenda mashine za kila namna. Mwaka 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe. Mwaka 1917 serikali ilimpa kazi ya kuzunguka Ireland kuangalia matrekta yanavyotumika, naye akaona kwamba plau zilivutwa nyuma ya trekta kwa minyororo kama zilivyovutwa na farasi. Plau ikigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka, pua ya trekta ikainuka, na trekta likapinduka na kumlalia dereva. Wengi walikufa hivyo. Ferguson alitaka plau na trekta viwe kitu kimoja, vishikwe kwa viungo vitatu: mikono miwili chini, ambayo huvuta, na fimbo moja juu, ambayo mafundi waliosomea Kifaransa huiita nukta ya tatu. Trekta la kwanza lenye mpango huu lilianza kuuzwa mwaka 1936. Lile dogo la rangi ya kijivu, TE20, lililotengenezwa tangu 1946 hadi 1956, lilitoka zaidi ya 500,000. Letu ni mjukuu wa hilo.

Tazameni plau ikiwa ardhini. Udongo huishika chini, trekta huivuta mbele, kwa hiyo plau hutaka kuinamia mbele na fimbo ya juu husukumwa kuelekea kwenye trekta. Udongo ukiwa mgumu zaidi, fimbo husukuma kwa nguvu zaidi. Mwisho wa fimbo hiyo, chini ya kiti cha dereva, pana springi kubwa nene. Springi ikibanwa, husogeza wenzo mdogo ulio ndani, wenzo husogeza vali, vali hufungua njia ya oili, na plau hupanda kidogo, labda upana wa kidole. Ugumu ukiisha springi hujinyoosha, plau hushuka tena. Tena kila plau inapoinuliwa hivyo, uzito wake hukandamiza magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi vizuri zaidi. Ndiyo sababu trekta jepesi la Ferguson lilivuta plau ambazo zamani zilitaka trekta zito.

Hiyo ni kazi ya wenzo wa kwanza ulio kulia kwa dereva. Mimi huuita wenzo wa mvuto. Wa pili ni wenzo wa kimo. Huo haujali udongo. Ukiuweka mahali fulani, mikono huenda kwenye kimo hicho na kukaa hapo. Hutumika kwa mashine isiyozama ardhini, na barabarani. TE20 ya kijivu haikuwa na wenzo wa kimo, na wakulima walikuwa wakifunga minyororo ili mashine isishuke kupita kiasi.

Na pampu? Iko ndani kabisa, imezama katika oili ileile ya gia, kiasi cha lita 30. Ina pistoni ndogo 4, na hupata mwendo kwa njia ya klachi. Kwa hiyo ukikanyaga klachi mpaka chini, pampu husimama na mikono haipandi. Nimekwisha kuona mtu akilalamika juu ya haidroliki hali mguu wake uko juu ya klachi. Katika TE20 kuna jambo jingine: ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine isipotiwa kazini kwa wenzo wake, pampu haizunguki kabisa. Akiuziwa mtu trekta la kijivu "lisilo na haidroliki", na aujaribu kwanza wenzo huo.

Sasa turudi kwenye letu. Mtu akikuambia mikono haipandi hajakuambia kitu bado. Ni kama mgonjwa kumwambia daktari "naumwa". Yakupasa kuuliza: haipandi kabisa, au hupanda polepole? Hupanda bila mzigo? Asubuhi, au mchana? Ikipanda, hukaa? Injini ikizimwa, hushuka kwa muda gani?

Tuliwasha injini saa 1 asubuhi. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi za Agosti zina ubaridi, kwa hiyo oili ilikuwa nzito. Tukatia plau, tukainua wenzo wa kimo. Plau ikapanda! Wanafunzi wakapiga makofi, nikawaambia wangoje. Tukaliendesha trekta kiwanjani kwa muda wa saa nzima mpaka oili ikapata moto, tukajaribu tena. Safari hii plau ilipanda nusu ikakwama. Tulipoiongezea injini mwendo ilifika juu, lakini haikutulia. Ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mzee anayesinzia barazani. Injini ilipozimwa plau ikazama mpaka chini kabla sijahesabu 60.

Hapo mwanafunzi mmoja wa kike akauliza, "Mwalimu, kama pampu imekufa, asubuhi iliinua kwa nini?"

Ndilo swali lenyewe. Oili ya baridi ni nzito, oili ya moto ni nyepesi kama maji. Kama chujio la pampu lingekuwa limeziba, oili nzito ya asubuhi ndiyo ingeshindwa kupita, na hali ingekuwa afadhali mchana. Hapa ilikuwa kinyume: mchana mbaya, asubuhi nzuri. Maana yake oili inapita mahali isipotakiwa kupita, na ikiwa nyepesi hupita zaidi. Tena kule kusinzia kwa plau kunaeleza jambo lilelile. Oili inavuja, mikono inashuka kidogo, wenzo wa kimo unatambua kwamba kimo si kile kilichoagizwa, vali inafunguka, pampu inarudisha mikono juu, vali inafunga, uvujaji unaishusha tena. Haidroliki inayosinzia ni haidroliki ambayo pampu yake bado inaitika kila inapoitwa! Pampu iliyokufa haisinzii.

Lakini kuna mahali pengi pa kuvuja: pete za pistoni kubwa, pete za mpira za bomba la wima linalopeleka oili kutoka kwenye pampu hadi kwenye silinda, vali ya usalama, vali ya kuongozea, hata vali za pampu yenyewe. Kwa kukisia tu mtu aweza kununua vyote. Sisi tulitaka kuona kwa macho.

Na hapa nasimama kidogo, maana jambo hili limeua watu. Plau iliyo juu inashikwa na oili, na oili inashikwa na kipete cha mpira ambacho bei yake haifikii ya soda. Kwa hiyo hakuna mtu anayeingia chini ya mashine iliyoinuliwa, wala anayesimama kati ya plau na trekta, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Tuliweka magogo manne imara chini ya plau, tukaacha nafasi ya vidole vitatu, ili plau ining'inizwe na oili lakini ikianguka ianguke vidole vitatu tu. Magurudumu yalitiwa vigingi mbele na nyuma. Na oili iliyosukumwa kwa kilo 150 kwa sentimita mraba, ikitoka katika tundu dogo kama la sindano, hupenya ngozi. Hutaiona, utaona kidoa tu, na kesho mkono umevimba na daktari anahitaji kisu. Hivyo uvujaji hatuutafuti kwa kidole. Hutafutwa kwa kipande cha boksi, na kwa kutazama kwa tochi ukiwa mbali.

Siku ya pili basi tulipunguza oili, tukafungua vifuniko viwili vya ubavuni, cha kushoto na cha kulia, tukainua plau juu ya magogo yake, tukazima injini, tukamulika tochi. Tuliona mambo mawili. Oili ilikuwa ikichirizika kutoka kichwani pa bomba la wima, na uzi mwembamba wa oili ulitoka mdomoni mwa silinda. Kwenye pampu kulikuwa kukavu. Tena oili yenyewe haikuwa na rangi ya oili. Ilikuwa nyeupenyeupe kama chai ya maziwa. Hayo ni maji. Trekta hilo lilikuwa limelala nje msimu wote wa itumba, na kifuniko cha mpira penye wenzo wa gia kilikuwa kimepasuka. Mvua iliingia hapo tone kwa tone. Maji hula chuma, chuma kilicholiwa hukwaruza pete, na pete iliyokwaruzwa huvuja. Ukitaka kujua ugonjwa ulianzia wapi, ulianzia kwenye kipande hicho cha mpira.

Siku ya tatu ilikuwa ya kazi. Kwanza kabisa tuliliosha trekta. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa vijana hulidharau: kufungua haidroliki juu ya trekta lenye matope ni kutia mchanga ndani kwa kijiko. Katika mpango wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, matrekta kwa mamia yalishindwa na udongo mkali wa huko na uhaba wa matengenezo, na fedha ya Uingereza ikapotea kwa mamilioni ya pauni. Ndoo ya maji, mafuta ya taa na brashi ni nafuu.

Tukamwaga oili yote. Tukaondoa kiti, tukatenga mikono ya juu na fimbo zinazoishika ile ya chini, tukachomoa bomba la wima. Bomba hili hutolewa kabla ya kuinua kifuniko kikubwa. Anayesahau hulipinda, na hapo ndipo ununuzi wa kweli huanza. Kifuniko kikubwa chenyewe, ambacho silinda hukaa chini yake, ni chuma kizito mno kwa watu wawili. Tulikifunga kwa mnyororo wenye kapi juu ya boriti ya karakana, tukakiinua taratibu na sawasawa, mmoja wetu akitazama nyenzo za ndani zisikwame, kisha tukakilaza mezani kifudifudi.

Pistoni ilitoka bila taabu. Pete zake zilikuwa zimelika upande mmoja. Ndani ya silinda nilipitisha ukucha: kama ukucha ungekwama penye mkwaruzo, silinda ingekuwa ya kubadilishwa. Haukukwama. Palikuwa na madoa ya kutu tu, tukayasugua kwa karatasi laini sana ya msasa iliyolowa oili, kwa kuzungusha, wala si kwa kuvuta mbele na nyuma. Pete za mpira za bomba la wima zilikuwa ngumu kama plastiki. Moja ilikatika mikononi mwetu. Chujio la pampu lilikuwa na tope la kijivu, si la kuziba, ila la kutosha kuonya. Vyote tulivyotoa tuliviosha kwa dizeli, tukavipuliza hewa, wala hatukuvifuta kwa tambara lenye nyuzi, maana uzi mmoja ukikaa katika vali utaibana ikose kufunga.

Vipuri tulivipata Gatsata kwa asubuhi moja: seti ya pete, pete za mpira, gasketi ya kifuniko, na kile kifuniko cha mpira cha wenzo wa gia. Jumla yake haikufika sehemu ya kumi ya bei ya pampu. Oili ilitugharimu zaidi ya vipuri. Iwe ile ya matrekta, inayofaa gia na haidroliki pamoja. Mtu akikupa oili ya injini kwa kuwa iko karibu, mshukuru na uiache.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, isipokuwa kila pete hupakwa oili kabla ya kuingia, na bolti za kifuniko hukazwa kwa kuvuka, moja huku na moja ng'ambo, kidogo kidogo. Oili ilipojaa tuliwasha injini, tukainua na kushusha mikono mitupu mara 10 ili hewa itoke, tukaishusha mpaka chini, kisha tukapima oili tena. Kipimo husomwa mikono ikiwa chini. Ikiwa juu, sehemu ya oili imo ndani ya silinda, nawe utaongeza bure.

Siku ya nne ilikuwa ya kurekebisha, na kazi hii ndiyo ambayo wengi huiruka. Wanarudisha trekta shambani lenye nguvu lakini lisilo na akili. Shikeni ile ncha ya nyuma inayopokea fimbo ya juu, fimbo ikiwa imetolewa, mvute na kusukuma. Ikicheza mbele na nyuma, hata kidogo, springi kubwa haisikii udongo mpaka mchezo ule uishe, na plau itazama na kuruka kama mtu aendaye gizani. Letu lilicheza. Tulifungua kifuniko chake cha mpira, tukalegeza kinachoizuia, tukaizungusha springi kwenye hesi zake mpaka mchezo ukaisha. Kipimo ni hiki: isicheze mbele na nyuma hata kidogo, lakini iweze kuzungushwa kwa vidole kwa shida kidogo. Ukipita hapo umeibana springi kabla ya kazi, na hilo ni kosa la upande wa pili.

Kisha tukajaribu wenzo wa kimo: uwekwe chini, katikati, juu, na kila mara mikono ifike na itulie. Plau ilipanda oili ikiwa baridi, na baada ya saa moja ikapanda oili ikiwa moto. Haikusinzia. Injini ilipozimwa tuliiacha imening'inia juu ya magogo yake tukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa imeshuka upana wa kidole kimoja. Nilimwandikia mkuu wa shule jibu lake kwa mstari mmoja.

Marekebisho ya mwisho hufanywa shambani, si karakanani, nasi tuliyafanya Bugesera juma la kwanza la Septemba. Gurudumu la kulia hupita ndani ya mfereji uliolimwa, kwa hiyo trekta huinama, na plau ingeinama nalo. Fimbo inayoning'iniza mkono wa kulia ina mpini wa kuzungusha. Zungusheni mpaka plau ilale sawa na ardhi. Fimbo ya juu nayo ina hesi mbili: ikifupishwa, pua ya plau huchimba zaidi, ikirefushwa, hupunguza. Baada ya hapo dereva hushika wenzo wa mvuto, huuteremsha mpaka kina anachokitaka, na kuuacha. Akiona anausogeza kila hatua, kuna kitu kimoja kati ya hivi hakijawekwa sawa.

Neno moja kwa wale ambao nyumbani kwao kuna trekta. Mtu asifunge mnyororo wa kuvutia gogo au gari lililokwama kwenye kiungo cha juu, mahali pa fimbo ya juu. Mvuto ukiwa juu ya ekseli huinua pua na kupindua trekta nyuma, na hiyo ndiyo ajali ileile aliyotaka kuizuia Ferguson. Mnyororo hufungwa chini, kwenye ndoana ya kuvutia. Penye mteremko kama wa kwetu, trekta halingoji kisiki.

Maswali kwa kidato cha 4 na cha 5, majibu yaletwe karakanani Ijumaa:

Kwanza, pistoni ina upana wa sentimita 6, na oili inasukumwa kwa kilo 140 kwa kila sentimita mraba. Tafuta nguvu yake.

Pili, trekta la jirani huinua vibaya asubuhi lakini mchana huinua vizuri, na injini ikizimwa mzigo haushuki. Utafungua nini kwanza, na ni nini ambacho huna haja ya kukifungua?

Tatu, trekta huinua vizuri, hukaa vizuri, lakini likilima plau huruka na kuzama. Eleza utashika wapi kwa mkono wako kabla ya kuchukua spana yoyote.